Jogoo wa Baba Ofisini kwa Mhadhiri

Watu wa Nyarugusu wakishajua kwamba niliwahi kusoma chuo kikuu nikaishia mwaka wa pili, huniuliza swali moja tu, tena kwa sauti ya chini, ya huruma: "Alikutaka?" Wanamaanisha mhadhiri. Nikijibu hapana, hawaridhiki. Mwanamke aliyeacha chuo ama alipata mimba, ama alikosa ada, ama mhadhiri alimtaka akamkataa. Hizo ndizo sababu tatu zinazokubalika kwenye benchi la nje ya duka langu, na mimi sina hata moja. Ningekuwa nayo ningekuwa na hadithi inayoeleweka, watu wangetikisa vichwa, tungeendelea na mengine. Mhadhiri wangu hakunitaka kwa lolote. Hakuwa na habari hata kama nipo.

Duka langu ni la stesheneri. Natoa kopi, napiga picha za vitambulisho, nachapa barua za wachimbaji wanaogombania mashimo. Ng'ambo ya barabara kuna karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, inanguruma kutwa nzima na vumbi lake linaingia hadi ndani ya printa. Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana hujipanga pale nje niwajazie maombi ya vyuo mtandaoni. Nawajazia. Wananishukuru sana, wananiita madamu, na hakuna kinachoniudhi kama kuitwa madamu na mtoto anayekwenda kule nilikotoka mimi mikono mitupu.

Nilizaliwa kijiji kimoja nje kidogo ya Kharumwa, kwenye nyumba ya watu wa pamba na ng'ombe. Kwetu mtoto wa kike humsalimu mkubwa akiwa amepiga magoti, na hamkazii macho. Ukienda kwenye mji wa mtu huingii hivi hivi. Unasimama uani, unakohoa kidogo, unangoja uonwe na ukaribishwe. Ukishakaa hutaji shida yako. Mnaulizana habari za watoto, za mifugo, za mvua, hadi mwenye mji mwenyewe aseme, haya mgeni, tupe habari. Anayetanguliza shida kabla ya kuulizwa ama hakulelewa, ama amekuja na taarifa ya msiba. Na jambo likiwa zito, mtoto halipeleki mwenyewe. Mzazi ndiye anayekwenda, na mzazi haendi mikono mitupu.

Hayo yote niliingia nayo chuoni Shinyanga mjini. Hakuna aliyeniambia niyaache getini.

Mhadhiri ninayemsema hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Angekuwa shetani ningemlaani nikalala. Alikuwa bado kijana, ametokea mji mkubwa, anavaa vizuri, anafundisha vizuri kuliko wote waliotufundisha. Alikuwa na utani mwingi na alipenda wanafunzi wenye mdomo. Waliokaa mbele aliwajua kwa majina, akawajua na timu wanazoshabikia. Sisi wa safu ya nyuma, wengi wetu watoto wa vijijini, Mhunze huko, Kharumwa, alitujua kwa namba za usajili, na namba zenyewe ilibidi azisome kwenye karatasi. Siku ya kwanza kabisa alisimama mbele akasema, "Mlango wangu uko wazi. Mwenye shida aje." Nilimwamini. Nadhani darasa zima hakuna aliyemwamini kama mimi.

Wiki ya pili tulipeleka kazi za kuandika mezani kwake, mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika, goti likashuka lenyewe. Sikufikiri. Nilimkabidhi karatasi kwa mikono miwili, nimeinamisha uso, kama ninavyompa baba maji ya kunawa. Darasa likaangua kicheko. Naye akacheka, akasema, "Inuka, dada. Hapa hatuabudu mtu." Kicheko kikaanza upya. Sidhani alikusudia kuniumiza, alikuwa tu hawezi kuacha utani upite. Lakini kwa mwezi mzima wenzangu walikuwa wakinipisha mlangoni kwa kupiga magoti, na mimi nikajifunza kumkwepa. Nikimwona anakuja upande huu, nageukia upande ule. Akiuliza swali ninalolijua jibu lake, natazama daftari.

Hivyo ndivyo mtu anavyoanza kuacha chuo. Haanzi kwa kufungasha sanduku. Anaanza kwa kunyamaza darasani, akijua jibu.

Mwaka wa pili akatufundisha tena, na safari hii kulikuwa na mada za kuwasilisha mbele ya darasa. Yangu ilihusu namna ya kumfundisha kusoma mtoto ambaye nyumbani kwao Kiswahili hakisemwi. Hiyo haikuwa mada, yalikuwa maisha yangu. Nilieleza jinsi nilivyoingia darasa la kwanza nikiwa najua maneno ya Kiswahili ya kuhesabika, jinsi mwalimu wetu alivyotuchapa kwa kutoelewa tulichokuwa hatujawahi kukisikia, na nini angeweza kufanya badala ya fimbo. Nilisema kwa dakika ishirini bila kutazama chini. Mhadhiri alisikiliza, akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, akaandika kitu. Nilirudi kukaa nimejaa furaha. Ile ndiyo siku pekee ambayo chuo kilikuwa changu.

Maksi zilipobandikwa, mbele ya namba yangu palikuwa na kistari. Hakuna maksi. Kistari maana yake hukuwasilisha, hukuwepo.

Niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja hosteli, binti wa mfanyabiashara wa Mwanza, naye alikuwa na kistari. Alichukua simu yake na kitenge chake akaenda ofisini kwa mhadhiri. Nasikia alisukuma mlango akasema, "Ticha, umenisahau bwana!" Kabla chai niliyokuwa nimebandika haijachemka alikuwa amerudi na maksi zake, tena anatafuna biskuti aliyopewa hukohuko.

"Nenda," akaniambia. "Ni kurekebisha tu. Karatasi ya siku ile ilichanganyika."

Nikaenda. Mlango kweli ulikuwa wazi, alikuwa hajasema uongo. Alikuwa kwenye kompyuta. Nikasimama pembeni ya mlango, mahali ambapo angeniona akiinua macho, nikakohoa kidogo. Alipoinua macho nikainama, nikasema shikamoo. "Marahaba," akajibu, akarudi kwenye kompyuta. Nikangoja anikaribishe. Wakaingia watu wawili wakitokea nyuma yangu, wakazungumza naye, wakacheka, wakatoka. Nikaendelea kungoja. Mwishowe akainuka, akafunga ofisi kwa ufunguo, akanitazama.

"Kuna mtu unamsubiri?"

"Hapana, mwalimu," nikasema.

Najua. Msinicheke, nimeshajicheka mwenyewe na nimeshajitukana vya kutosha kwa hilo "hapana" moja. Lakini kwetu mwenye mji akikuuliza kama umekuja na jambo, jibu la kwanza ni kwamba umekuja kusalimia tu. Yeye anajua si kweli, nawe unajua anajua, ndipo anasema karibu ukae. Nilimpa nafasi ya kunikaribisha. Yeye akaweka ufunguo mfukoni akaenda zake kula.

Nilisimama pale siku tatu. Siku tatu, na kila siku shikamoo, na kila siku marahaba. Rafiki yangu huyo wa chumba alipojua alinigombeza hadi akaishiwa pumzi. "Unangoja akupigie vigelegele? Ingia, sema, toka!" Nikamwambia nitaingia kesho. Kesho nikasimama tena.

Kisha ikabandikwa orodha ya wasioruhusiwa kufanya mtihani kwa sababu kazi zao za muhula hazikukamilika. Nilikuwamo. Asiyefanya mtihani ule asingepanda mwaka wa tatu, na kwa jinsi mkopo wangu ulivyokuwa, kutopanda kulikuwa sawa na kudisko, kufukuzwa kabisa. Mwisho wa kurekebisha ulikuwa Ijumaa. Jumatatu iliyofuata ulikuwa mtihani. Jambo langu lilikuwa limekuwa zito, na jambo zito nilijua linakopelekwa. Nikampigia baba.

Alifika Jumatano kwa kupitia Kahama, amevaa koti lake la kanisani na katambuga, vile viatu vya tairi, na mkononi ana kikapu. Ndani ya kikapu jogoo mwekundu amefungwa miguu, kichwa nje. Ningependa kuandika hapa kwamba nilipomwona yule jogoo nilishtuka. Sikushtuka. Nilifurahi. Nilijisikia mtu mwenye watu wake. Rafiki yangu ndiye aliyeshtuka. Alimwamkia baba vizuri, kisha akanivuta kando.

"Huyo kuku mwacheni hosteli. Nakuomba."

"Wewe huijui adabu yetu," nikamjibu, kwa kiburi kabisa, mimi ambaye siku tatu nzima nilishindwa kuvuka kizingiti.

Tukaenda. Baba alipiga hodi kwa sauti iliyosikika korido nzima. Mhadhiri akasimama, akasema, "Shikamoo, mzee wangu," kama inavyotakiwa, akampa kiti. Moyo wangu ukatulia. Nikapiga goti pembeni ya kiti cha baba, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Marahaba, mwalimu. Habari za hapa? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mzee."

"Mvua huku mmepata?"

"Kidogo, mzee. Samahani, nina kikao muda si mrefu."

"Kikao ni kizuri," baba akasema kwa utulivu. "Na kwenu ni wapi, mwalimu?"

Nilimwona mhadhiri akitazama simu yake. Baba naye aliona, akaelewa kwamba mwenyeji wake ana haraka, kwa hiyo akaruka habari za mifugo, akaruka habari za wazee, akafikia mwisho kabla ya mwanzo. Akaweka kikapu sakafuni, akakisogeza mbele kwa mikono miwili. "Hiki ni kitoweo kidogo. Mtoto wetu yuko mikononi mwako."

Ya kistari hakuyataja. Alikuwa hajaulizwa.

Mhadhiri alirudi nyuma hadi kiti chake kikagonga ukuta. Akaufungua mlango wote hadi mwisho, akamwita katibu muhtasi wa ofisi ya jirani aje ashuhudie. Kisha akasema kwa haraka, Kiswahili cha mjini, "Mzee, unajua hii ni rushwa? Unaniletea kuku ili nimpe mtoto wako maksi? Unajua naweza kukuitia polisi sasa hivi? Na wewe binti, kumbe ndiyo maana unazungukazunguka hapa mlangoni kwangu kila siku!"

Baba akanigeukia. Akaniuliza kwa Kisukuma mhadhiri anasemaje.

Nilikuwa bado nimepiga goti. Nilimtazama baba usoni, jambo ambalo sikuwa nimelizoea, nikamjibu kwa Kisukuma kwamba mwalimu anashukuru sana, sana, ila taratibu za ofisi haziruhusu mifugo ndani. Anasema tusiwe na wasiwasi. Anasema atanitazama kama mtoto wake.

Baba akatabasamu. Akasimama, akaushika mkono wa mhadhiri kwa mikono yake yote miwili, akautikisa kwa muda mrefu. "Wabeja," akamshukuru. "Wabeja sana, mwalimu." Mhadhiri alimtazama kama mtu anayefanyiwa dhihaka, akauvuta mkono wake. Baba akachukua kikapu, tukatoka.

Jogoo alimwachia mlinzi wa getini, mzee mwenzake. Mlinzi alimpokea kwa mikono miwili, akauliza kama Kharumwa mvua imenyesha. Nilimsindikiza baba stendi, naye njia nzima alikuwa akisema yule mwalimu ni mtu mzuri, tatizo lake ni haraka tu, ujana. Nikaitikia kila neno.

Alhamisi nikaitwa kwa mkuu wa idara. Alikuwa mama wa makamo, ananiita mwanangu. Mhadhiri alikuwapo, amekaa pembeni na kalamu yake. Yule mama akaniambia kwamba ripoti imefika, kwamba kwa kawaida jambo kama hili lingekwenda kwenye kamati ya nidhamu, lakini hataki kuharibu maisha ya mtoto wa mtu. Amezungumza na mwalimu wangu, na mwalimu wangu hana kinyongo. Kistari ni kosa la ofisi, maksi zangu zimeonekana, zipo, tena ni nzuri. Zitaingizwa leo hii. Kilichobaki ni karatasi moja.

Akanisogezea. Ilikuwa imeshachapwa. Ilisema kwamba mimi mwenye namba hii ya usajili nakiri kwamba mzazi wangu, na hapo majina yake yote matatu, alijaribu kumpa mhadhiri zawadi kwa nia ya kushawishi matokeo, na kwamba naomba radhi kwa niaba yake. Chini kulikuwa na mstari wa saini.

"Tia saini tuyamalize, mwanangu," akasema. "Jumatatu uko kwenye mtihani."

Mhadhiri akasema naye, kwa upole wa kweli, "Mimi kinachonishangaza, kwa nini hukuja mwenyewe tangu mwanzo? Mlango wangu siku zote uko wazi."

Hapo ndipo ningesema. Ningesema nilikuja siku tatu. Ningesema ulinipita na ufunguo mkononi. Ningesema huyo unayemwita mtoa rushwa, jogoo wake alikuwa ni shikamoo. Maneno yote nilikuwa nayo, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Badala yake nikaomba niende na karatasi hosteli nikaifikirie. Yule mama akaniambia nisichelewe, Ijumaa saa kumi ofisi inafungwa.

Niliisoma ile karatasi mara nyingi mno. Baba yangu ndiye aliyekuwa anakaa kwenye mizani ya pamba kijijini kwetu, msimu baada ya msimu, kwa sababu watu walisema mkono wake hauongezi wala haupunguzi. Hakuwa na kitu kingine cha kujivunia duniani. Mashamba yalikuwa ya kawaida, ng'ombe walikuwa wachache. Na mimi, mtoto aliyemsomesha, ndiye niliyekuwa natakiwa kuandika kwamba ni mtoa rushwa, karatasi iingie kwenye faili, faili liingie kabatini, likae humo hata baada ya sisi wote kufa. Rafiki yangu alinisihi. Akalia. Akaniambia hakuna atakayelifungua faili hilo milele. Nikamwambia mimi nitajua.

Ijumaa saa kumi ilipita nikiwa nimekaa kitandani. Jumatatu wenzangu walipokuwa kwenye mtihani nilifungasha. Nilikuwa nimenyoosha shingo, niwaambie ukweli. Nilijiona shujaa.

Baba nilimpigia nikamwambia nimeshindwa masomo. Akasema, "Haya, rudi nyumbani." Sikurudi. Nilikwenda Nyarugusu kwa shangazi aliyekuwa anapikia wachimbaji, nikaosha sufuria zake, nikapika, baadaye nikaanza kuwaandikia watu barua, na hapo ndipo duka lilipozaliwa. Mwaka wa sita sasa.

Katika miaka hiyo nimeonja uchungu wa kila aina, na sitajifanya nimeshapona. Nimewachukia waliokaa mbele. Nimemchukia mkuu wa idara kwa wema wake. Rafiki yangu ni mwalimu wa sekondari sasa, hunitumia picha za wanafunzi wake, na kuna siku naziangalia kisha nazifuta. Safu yetu ya nyuma tulikuwa saba. Waliovaa joho ni wawili. Mmoja alikwama kwa sababu alikuwa akiogopa kumwuliza msimamizi wake wa utafiti ni lini atarudishiwa kazi, akangoja mwaka mzima, msimamizi naye akidhani kijana ameacha. Mwingine aliambiwa mbele ya wote kwamba Kiingereza chake ni cha kuchungia ng'ombe, hakuonekana tena.

Kuna wakati walikuja dukani vijana wawili na madodoso, wanatafuta watu walioacha vyuo. Fomu yao ilikuwa na visanduku: ada, ugonjwa, ujauzito, matokeo mabaya, mengineyo. Nikatia alama kwenye mengineyo. Nikatafuta mahali pa kuandika, hapakuwa na mstari. Wakanipa soda na kalamu ya bure, wakaenda zao.

Baba kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuja Nyarugusu. Nilikuwa nakwenda mimi, Krismasi, au wakati wa kuvuna, na jambo la chuo hatukuligusa. Nilidhani ananidharau kwa kushindwa masomo. Nilimwacha aamini kwamba nilishindwa kweli, maana ukweli ulikuwa ni jogoo wake, na jogoo sikuweza kumtaja.

Mwaka huu mdogo wangu wa kike, kitindamimba wetu, alipata matokeo ya kidato cha sita. Yalikuwa mazuri kuliko yangu. Siku moja asubuhi nikawaona wanashuka kwenye basi, yeye na baba. Baba amezeeka, anatembea akishika kiuno. Nikampigia magoti palepale barabarani, nikamkalisha kwenye benchi la dukani, nikawasha kompyuta.

Tulijaza jina, tukajaza namba ya mtihani. Tukafika kwenye vyuo. Nikaandika cha Mwanza, nikaandika cha Dodoma.

"Na cha Shinyanga, dada?" mdogo wangu akauliza. "Si ndiyo karibu na nyumbani?"

"Shinyanga hapana."

"Kwa nini hapana?" Hiyo ilikuwa sauti ya baba.

Nikamtuma mdogo wangu akanunue soda duka la mbali. Nikakaa kwenye benchi kando ya baba, karasha inanguruma, na labda kelele zile ndizo zilizonipa ujasiri. "Baba," nikasema, "siku ile ofisini nilikudanganya. Mwalimu hakushukuru."

Alikaa anatazama mawe yanavyomiminwa kwenye mashine.

"Mayu," akasema. Huniita hivyo, mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Kiswahili changu ni kidogo, lakini neno rushwa nalijua. Lilianza kunifikia pale kwenye mizani, kabla hujazaliwa."

Nikamtazama.

"Nilielewa kabla hujafungua mdomo. Nikakuuliza ili nione utasema nini. Uliposema uliyosema, nikajua hutaki nione aibu. Nami nikacheka, nikamshika mkono yule mtu. Nilisema, nikitoka hapa nimenuna, huyu mtoto atanifuata. Nikitoka nacheka, atabaki." Akafuta vumbi kwenye goti lake. "Hukubaki. Nikajua basi, umeona aibu ya baba mwenye kuku. Ndiyo maana sikuja huku. Nilisema tusije tukamwaibisha na huko alikokimbilia."

Miaka sita. Nilitaka kulia, nikashindwa, nikaanza kusema haraka haraka kama mtu anayejitetea. Nikamwambia sikuondoka kwa aibu. Nikamwambia ya mkuu wa idara, ya karatasi, ya majina yake yote matatu, ya saini niliyokataa kutia. Nakiri nilisema kwa fahari. Nilikuwa nimeitunza siku hii bila kujua kwamba naitunza. Nilitaka ajue nilichomfanyia.

"Waliandika nini hasa?" akauliza.

Nikamsomea. Sijaisahau hata neno.

"Na ungetia saini, ungerudi darasani?"

"Ndiyo, baba."

"Jumatatu ile ile?"

"Ndiyo."

Mdogo wangu alikuwa anarudi, tunamwona kwa mbali, chupa tatu kifuani. Baba alimtazama anavyokuja, kisha akanigeukia, na uso wake haukuwa na hasira wala fahari niliyoingojea.

"Ungetia saini, Mayu," akasema. "Mimi Shinyanga nani ananijua?"